Kinole: Kilima Kilichoniumbua kwa Mke Wangu

Hivi umewahi kumficha mwandani wako bei ya kitu? Si viatu wala simu. Baiskeli! Mimi nilifanya hivyo, na kama si kile kilima cha kwenda Kinole, huenda mpaka leo ningekuwa bado namdanganya.

Yote yalianza Septemba 2025, pale Kigali ilipoandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza Afrika. Jumapili ya mwisho niliganda mbele ya runinga nikimwangalia Tadej Pogačar wa Slovenia akimaliza kilomita 267.5 za vilima na kutwaa ubingwa. Kesho yake nikaanza kuulizia baiskeli ya mbio.

Baada ya wiki chache nikawa nayo, ya mtumba lakini safi. Nikajiandikisha na mashindano ya wasio wataalamu, kilomita 100, mkoa mwingine kabisa. Mke wangu nilimwambia baiskeli nimeipata kwa bei ya kutupa. Kumbe hela ilitoka kwenye kodi ya nyumba ya miezi sita!

Mji kasoro bahari

Wiki tatu kabla ya mashindano nikagundua tatizo. Mazoezi yangu yote yalikuwa ya Dar, kwenye tambarare, na njia ya mashindano ilikuwa na vilima. Nikamwambia mke wangu, "Twende Moro wikiendi, utapumzika na mimi nitapanda milima." Akafurahi, maskini.

Baiskeli ilisafiri kwenye buti la basi, magurudumu yamefunguliwa na kufungwa kwenye blanketi. Tukashuka Msamvu, tukalala mjini. Asubuhi nikashika njia ya Bigwa, Kiroka hadi Mkuyuni, kisha nikaanza kupandisha kwenda Kinole. Mke wangu alikuja nyuma kwa bodaboda, na maji pamoja na begi langu.

Upande huu wa mashariki wa Uluguru ndio unaopokea unyevu wa Bahari ya Hindi. Ndiyo maana kuna ndizi, machungwa, mananasi na viungo, na ndiyo maana mto Ruvu, unaowanywesha watu wa Dar, unaanzia kwenye milima hii. Uzuri huo una gharama yake: mvua ikinyesha, njia ya udongo inakuwa sabuni.

Nilianza kwa mbwembwe. Wanakijiji wakanishangilia, nami nikaongeza kasi kama vile kamera za Kigali zinaniona. Baada ya kona chache nilikuwa kwenye giya ya mwisho, mapaja yanawaka moto. Halafu, pssss! Pancha.

"Nitolee viraka kwenye begi," nilimwambia mke wangu bila kufikiri.

Akaingiza mkono. Akatoa viraka, gundi, na risiti.

"Hii ndiyo bei ya kutupa?"

Nikalikodolea macho tairi kana kwamba jibu limeandikwa pale.

"Na kodi ya mwezi ujao iko wapi?"

"Ndiyo hiyo umeishika."

Hakupiga kelele. Alikaa kwenye jiwe kando ya kibanda cha bibi mmoja aliyekuwa akiuza ndizi. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukata jicho mara moja tu, kisha akatuwekea kichana cha ndizi mbivu. "Kuleni kwanza, wanangu. Kilima hakiondoki."

Tulikula kimya. Mwishowe mke wangu akasema maneno ambayo mpaka leo yananichoma: "Pesa tungeongea, yangeisha. Lakini miezi yote hii unaamka saa kumi na moja alfajiri, mimi nakuchemshia uji. Kumbe nilikuwa nachemshia uongo."

Tulimalizia kilima kwa miguu, mimi nikisukuma baiskeli, yeye akiniuliza shilingi moja moja. Hadi tunafika Kinole, nilikuwa sina cha kuficha. Sikwenda kwenye yale mashindano. Kiingilio kilipotea, nauli na hela ya malazi vikarudi kwenye kodi, na pengo lililobaki nililiziba kwa kazi za ziada. Baada ya miezi kadhaa yakaja mashindano mengine. Safari hii tulipanga wote, kwenye daftari moja. Nilimaliza wa nne kutoka mwisho, na aliyekuwa amenisubiri kwenye mstari na ndizi mkononi unamjua.

Kabla hujajiandikisha, kaeni muongee haya

Gharama yote. Kiingilio ni sehemu ndogo tu. Weka nauli, mzigo wa baiskeli, malazi, chakula, tyubu za akiba na kofia ngumu. Kodi na ada za watoto zitangulie.

Muda. Mazoezi yanakula alfajiri na wikiendi. Hizo ni saa za mwenzako pia, mwombe.

Chakula. Kwenye mbio ndefu mwili unahitaji gramu 30 hadi 60 za wanga kila saa. Ndizi mbivu moja ina gramu 25 hivi, kwa hiyo moja au mbili kwa saa zinatosha. Anza kula kabla njaa haijakushika.

Kundi. Ukikaa nyuma ya mwenzako, yeye anakukatia upepo na kazi yako inaweza kupungua kwa karibu theluthi moja. Jizoezeni mkiwa wengi, kwani ukigusa gurudumu la mbele yako unaanguka.

Mteremko. Usibane breki mfululizo, zinapata moto. Bana, achia, bana tena, na upunguze mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Mbio au msafara? Si lazima uanze kwa kushindana. Twende Butiama, msafara wa kumuenzi Mwalimu Nyerere ulioanza mwaka 2019, huendeshwa zaidi ya kilomita 1,000 bila kumtafuta mshindi. Kwa mbio zenyewe, waulize Chama cha Baiskeli Tanzania, CHABATA.

Na ile risiti? Mke wangu ameibandika kwenye friji. Kila nikifungua kuchukua maji, inaniangalia.