Waja leo, waondoka leo: bei halisi ya pointi 4 kwenye fantasi

Milioni 100. Ndizo pauni anazopewa kila anayefungua timu kwenye Fantasy Premier League, fantasi ya Ligi Kuu ya England, awe yuko Manchester au yuko Chumbageni, Tanga, anasubiri mechi kwenye kibanda umiza. Ni pauni za kwenye simu tu na mchezo wenyewe ni bure. Kwa fedha hizo unanunua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, na hawaruhusiwi kuzidi 3 kutoka klabu moja. Msimu wa 2024/25 timu zilizosajiliwa duniani zilipita milioni 11. Kwa hiyo jamaa wa mtaani anayetamba kwamba yuko nafasi ya laki moja, mwacheni atambe: yumo kwenye asilimia 1 ya juu.

Anayetaka kuelewa pointi zinavyohesabiwa aiweke kando Liverpool kwanza, achukue ligi yetu ya Tanzania. Msimu wa 2023/24 Coastal Union ilimaliza ya nne, na kipa wake Ley Matampi alikuwa na klinshiti 15, yaani mechi 15 bila kufungwa bao. Kwa kanuni za fantasi, klinshiti ya kipa au beki ni pointi 4, hivyo Matampi angekuwa na 60 kabla hujahesabu pointi za kucheza na za kuokoa mashuti. Msimu huohuo Stephane Aziz Ki wa Yanga alifunga mabao 21. Bao la kiungo ni pointi 5, kwa hiyo angevuna 105. Lakini angeandikwa mshambuliaji, bao lingekuwa pointi 4 na mavuno yangeshuka hadi 84. Mtu yuleyule, mabao yaleyale, pointi 21 zimepotea kwa sababu ya nafasi aliyoandikiwa.

Ndiyo maana wanaoujua mchezo huu huwatafuta kwanza watu wanaocheza juu huku wameandikwa viungo. Tazama Cole Palmer. Msimu wa 2023/24 alianza akiuzwa milioni 5.0 na akamaliza na pointi 244, sawa na pointi 48.8 kwa kila milioni. Bryan Mbeumo wa Brentford, msimu uliofuata, alianza kwa 7.0 akafikisha 236: pointi 33.7 kwa milioni. Chris Wood wa Nottingham Forest, mshambuliaji halisi, alianza kwa 6.0 akapata 200, yaani 33.3. Mohamed Salah alikuwa ghali, 12.5, na pamoja na kuvunja rekodi ya mchezo kwa pointi 344, kila milioni yake ilizaa 27.5 tu.

Kwa hesabu hiyo Salah anaonekana hasara. Wengi huishia hapo, na hapo ndipo wanapopotea.

Kila raundi unamteua nahodha, na pointi za nahodha zinazidishwa mara mbili. Aliyempa Salah kitambaa raundi zote 38 za msimu huo alipata kwake pointi 688. Gawanya kwa 12.5, unapata 55 kwa milioni, juu ya Palmer wa bei ya kutupa. Thamani ya mchezaji ghali haimo katika bei yake, imo katika kitambaa. Ukinunua mchezaji wa milioni 14 kisha ukampa mwingine unahodha wiki nyingi, umelipia kitu usichokitumia. Na ukinunua wawili wa namna hiyo, mmoja wao lazima kila wiki acheze bila kitambaa.

Tupige hesabu ya msimu wa 2025/26, ambao Salah alianza kwa 14.5 na Erling Haaland kwa 14.0. Tuseme benchi lako ni la bei ya chini kabisa: kipa 4.0, beki 4.0, kiungo 4.5, mshambuliaji 4.5. Jumla 17. Zimebaki 83 za kikosi cha kwanza, wastani wa 7.5 kwa mtu. Ukiwachukua wote wawili, 28.5 zimekwenda, na wachezaji 9 waliobaki wanagawana 54.5, kila mmoja 6.0 na ushee. Inawezekana, lakini mabeki wako watakuwa wa bei ya chini, na msimu huo angalau walipata nafuu: beki akifikisha matendo 10 ya ulinzi (kuondosha hatari, kuzuia shuti, kunasa pasi, kupokonya mpira) anapewa pointi 2. Ongeza 2 za kucheza dakika 60, ana 4 hata timu yake ikifungwa bao moja. Beki wa 4.5 wa timu inayoshambuliwa dakika 90 si wa kudharau.

Sasa papara.

Kila raundi unapewa uhamisho mmoja wa bure, na usipoutumia unauweka, hadi kufikia 5. Ukitaka zaidi ya ulio nao, kila mmoja unakatwa pointi 4. Pointi 4 zinaonekana kidogo, kwa kuwa zinakatwa siku ambayo mtu ana hasira na beki aliyepewa kadi nyekundu. Lakini kuanzia raundi ya 2 hadi ya 38 unapata uhamisho wa bure 37, unaotosha kubadilisha kikosi kizima cha watu 15 mara mbili na zaidi, na juu yake kuna nafasi mbili za kuivunja timu yote bila kukatwa. Anayekatwa 4 kila wiki amepoteza 148 mwisho wa msimu. Msimu mzima wa Chris Wood, mabao 20, ulikuwa 200. Huyu ametupa karibu robo tatu ya Wood kwa sababu tu ya kidole kisichotulia. Tanga tunasema waja leo waondoka leo. Kwenye fantasi wakija na kuondoka hivyo, unalipa wewe.

Si kwamba kukatwa ni haramu. Mchezaji anayecheza dakika 60 bila kufanya lolote anapata 2. Ukimtoa wa namna hiyo, mpya lazima afikishe 6 wiki hiyohiyo ndipo mlingane. Ila ukikusudia kukaa naye raundi 4, anahitaji kumzidi wa zamani kwa pointi 1 tu kila raundi. Hiyo ni hesabu inayokubalika. Majeruhi naye asikutie kiwewe: kama hakucheza kabisa, mtu wa benchi anaingia mwenyewe. Anayeumiza ni yule anayeingizwa dakika ya 89, anakupa pointi 1 na kumfungia mlango mtu wako wa benchi mwenye 8.

Wapo pia wanaokimbilia bei. Mchezaji akipanda kwa 0.1 wanamnunua kabla hajapanda tena, wakidhani watatajirika. Ungekuwa unauza nazi soko la Mgandini, halafu kila faida unayopata mtu anachukua nusu, ungekimbia? Hapa ndivyo ilivyo: umenunua kwa 5.0, amefika 5.4, ukimuuza unapata 5.2. Akifika 5.1 tu, hupati kitu, kwa sababu nusu ya 0.1 inapigwa chini. Kufanya uhamisho Jumanne kwa ajili ya 0.1, kisha mtu wako akaumia mazoezini Ijumaa, ni biashara mbovu.

Na moyo nao una bei. Januari 2020 Mbwana Samatta alipotua Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kwenye ligi ile, nani angekulaumu kwa kumweka? Alifunga mechi yake ya kwanza ya ligi dhidi ya Bournemouth: bao la mshambuliaji, pointi 4. Bao lake maarufu zaidi, la kichwa Wembley dhidi ya Manchester City kwenye fainali ya Kombe la Ligi, lilikuwa na pointi sifuri, maana fantasi inahesabu ligi pekee.

Kuhusu saa: dirisha hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mechi ya Jumamosi saa 6:30 mchana ya Uingereza kwetu inaanza saa 8:30, kwa hiyo mwisho ni saa 7 mchana. Wenzetu wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, mwisho wako unasogea hadi saa 8. Raundi ikianza Ijumaa usiku ndipo wengi hukutwa wamelala.

Tuseme mko 20 kijiweni mnashindana kwa fantasi, kila mmoja katoa shilingi 10,000, chungu ni laki 2, na washindi ni watatu. Watu 17 watatoka mikono mitupu. Ukiwa unaongoza, mpe kitambaa yuleyule aliyepewa na anayekufuata, akifunga, hamtofautiani. Ukiwa nyuma kwa 40 na raundi 5 zimebaki, unahitaji kumzidi anayeongoza kwa 8 kila raundi, na ukikatwa 4 kila wiki unahitaji 12. Usimguse mtu. Chagua nahodha asiyekuwa naye.