Fahamu: Shamba la mtetezi wa utumwa lililogeuka chuo kikuu

John C. Calhoun, mkulima wa pamba kutoka South Carolina, alikuwa Makamu wa Rais wa Marekani chini ya marais wawili: John Quincy Adams na Andrew Jackson. Alikorofishana na Jackson, akajiuzulu 1832.

Mwaka 1837 aliwaambia maseneta wenzake kuwa utumwa ni jambo jema. Kwake haikuwa siasa tu: shamba lake, Fort Hill, lililimwa na watumwa.

Alifariki 1850. Baadaye shamba likaangukia kwa mkwewe, Thomas Green Clemson, aliyeacha wosia lijengwe chuo hapo. Ndiyo Clemson University ya leo.

Nyumba ya Calhoun bado ipo chuoni. Ila 2020, jina lake liliondolewa kwenye kitengo cha wanafunzi bora.