Aplikesheni ya mkopo inaficha nini? Akili mnemba yaanza kuifumbua

Uko Bagamoyo, umekwama, unapakua aplikesheni ya mkopo. Inataka kusoma namba zote kwenye simu yako. Itazipeleka wapi?

Si rahisi kujua. Msimbo alioandika mtaalamu umeshageuzwa kuwa lugha ya mashine. Kuurudisha ni kama kuonja pilau na kutaja viungo vyake: majina aliyoweka mwandishi mara nyingi yamepotea.

Hapo ndipo modeli za lugha zinasaidia: hukisia majina na kueleza kila sehemu inafanya nini. LLM4Decompile ya mwaka 2024, kwa mfano, hurudisha lugha ya mashine kuwa msimbo wa C.

Ila modeli hukosea, tena kwa kujiamini. Lazima mtaalamu ahakiki.

Wewe anza na leseni: Novemba 2024, BoT ilitaja majukwaa na aplikesheni 69 zinazokopesha bila leseni.