Mpagazi wa Tabora alipatana kwanza, ndipo akabeba mzigo

KABLA ya reli, kazi iliyowapatia ujira vijana wengi wa Unyamwezi ilikuwa upagazi. Katika karne ya 19 walibeba pembe za ndovu kutoka Tabora hadi Bagamoyo, wakarudi na vitambaa na shanga. Safari ilikuwa ndefu. Mwingereza Richard Burton aliondoka pwani Juni 1857, akafika Kazeh, ilipo Tabora ya leo, Novemba.

Msafara ulikuwa na uongozi wake. Kirangozi alitangulia na kuonyesha njia, wanyapara wakasimamia vikundi. Mzigo wa mtu mmoja ulikuwa kama kilo 30. Kabla ya kuuinua, mpagazi alipatana ujira na posho, yaani chakula cha njiani au kitambaa cha kukinunulia. Posho ikipunguzwa, wapagazi waligoma au kutoroka usiku, tajiri akabaki porini na mizigo yake.

Waliweza kufanya hivyo kwa sababu mbili. Mbung'o waliua wanyama wa kubeba mizigo, hivyo tajiri hakuwa na njia nyingine. Tena wengi wao walikuwa na mashamba nyumbani, ambako walirudi kulima mvua zilipokaribia.

Reli kutoka Dar es Salaam, iliyoanza kujengwa mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Tani 15 tu za mzigo ni kazi ya wapagazi 500. Upagazi wa masafa marefu ukafa.

Baadaye wengi walikwenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Unyapara na posho vilikuwapo huko pia, lakini masharti sasa yalipangwa na mwajiri. Manamba alijaziwa kipande, akalipwa akitimiza siku 30 za kazi.

Ushirika nao umebadilika mara nyingi. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, kazi zake zikaenda kwa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Sheria ya mwaka 2013 ikaunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika.

Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge hawezi kuzuia mabadiliko hayo, lakini anaweza kupatana kwanza kama mpagazi. Pembejeo za mkopo kupitia chama cha msingi hulipwa kwa makato baada ya mauzo. Kwa hiyo bei ya mfuko wa mbolea, riba na kila makato viulizwe mkutanoni kabla ya kusaini, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari.

Aidha, asiache shamba la mahindi wala mizinga ya nyuki. Mwenye chakula nyumbani ndiye awezaye kukataa masharti mabaya.