Huruma nayo huandaliwa



Sura ya 27 ya Matendo ya Mitume inasimulia safari ya Mtume Paulo kwenda Roma. Merikebu ilivunjika karibu na Malta ikiwa na watu 276, na wote wakafika nchi kavu. Mungu alikuwa ameahidi hivyo. Lakini angalia pia walichofanya watu: Paulo aliwahimiza wale chakula wapate nguvu, akida akaamuru wanaojua kuogelea watangulie, wengine washike mbao. Ufukweni wenyeji wakawasha moto kwa sababu ya mvua na baridi. Ahadi ya Mungu ilipita katika mikono ya watu.

Bahari hiyohiyo ya Mediterania leo inavukwa na wahamiaji, wakiwemo vijana wa Eritrea, Somalia na Sudan. Sheria ya kimataifa inamtaka nahodha awaokoe walio hatarini. Hata hivyo, Aprili 2015 meli ya mizigo King Jacob ilipoitikia wito wa kuokoa boti iliyotoka Libya, boti hiyo iligongana nayo, ikapinduka. Zaidi ya watu 700 wanakadiriwa kufa. Walionusurika ni 28. Nia njema ilikuwapo, lakini haikutosha. Ndiyo maana mabaharia wanahimizwa kujifunza mapema namna ya kuikaribia boti iliyofurika, kuwatuliza watu wasikimbilie upande mmoja, na kuandaa nyavu za kupandia, maji na mablanketi.

Sisi wa Isongole hatuna bahari. Tuna mpaka wa Malawi, na jirani yetu Tunduma ana mpaka wa Zambia. Vijana wa Ethiopia husafirishwa kwa siri kupitia nchi yetu wakielekea Afrika Kusini. Juni 2012, zaidi ya 40 walikutwa wamekufa mkoani Dodoma baada ya kukosa hewa ndani ya lori.

Je, lori kama hilo likifunguliwa mbele ya kanisa lako, nani atafanya nini? Liongeeni katika jumuiya ndogondogo wiki hii: nani ataleta maji, nani anajua huduma ya kwanza, nani ana namba ya mwenyekiti wa kijiji na ya zahanati. Si kazi yetu kuwaficha, wala kuwapiga, wala kuwapiga picha. Kazi yetu ni kuhakikisha wanabaki hai mpaka serikali ifike.

Kuogelea hakufundishwi siku ya kuzama. Mungu atujalie moyo wa huruma, na mikono iliyo tayari. Jumapili njema.