Kompyuta Kuukuu na Barua Pepe

Muhula huu nilimkosea mwenzangu kwa kutojua jambo dogo. Nalieleza hapa ili mwingine asikosee kama mimi.

Kompyuta za chumba chetu ni za miaka mingi. Nilikuwa nikingoja barua pepe juu ya msaada wa karo, nayo ilitakiwa ijibiwe kabla ya mwisho wa mwezi. Nikaandika neno langu la siri. Programu ya barua ikajibu kwamba neno si sahihi. Nikarudia mara tano, hata akaunti ikafungwa kwa muda. Kwa kuwa mwenzangu wa dawati alikuwa ameniona nikiliandika neno hilo, nikasema mbele ya watu kwamba yeye ndiye aliyelibadilisha. Siku mbili hatukusemezana.

Siku ya tatu mwalimu wetu wa hesabu alinipeleka ofisini, nikaandika neno lile lile katika kompyuta mpya. Akaunti ikafunguka! Kumbe neno lilikuwa sawa. Uliokataliwa ni mtambo. Mwalimu akanieleza sababu tatu ziletazo taabu hiyo.

Ya kwanza ni mafumbo. Barua pepe hupita katika mitambo mingi njiani. Ili isisomwe na wengine, kompyuta yako na ile ya kampuni hupatana kwanza kuandikiana kwa mafumbo. Mapatano hayo huitwa TLS. Toleo la 1.0 lilitoka mwaka 1999, la 1.1 mwaka 2006, la 1.2 mwaka 2008, na la 1.3 mwaka 2018. Matoleo mawili ya kwanza yalionekana kuwa dhaifu, na Machi 2021 ikatangazwa rasmi kwamba yasitumike tena. Internet Explorer 8 katika Windows XP haijui toleo la 1.2, kwa hiyo hubisha hodi isifunguliwe.

Ya pili ni namna ya kujitambulisha. Zamani programu ya barua ilipeleka neno la siri lenyewe kila ilipotaka barua, na mwizi akilinasa ana ufunguo wa nyumba nzima. Namna mpya, iitwayo OAuth 2.0, iliwekwa mwaka 2012. Wewe huandika neno lako katika ukurasa wa kampuni yenyewe, kisha programu hupewa kibali tu. Ni kama karatasi ya ruhusa tupewayo na mwalimu wa zamu: huonyesha uendako na saa ya kurudi, na inaweza kufutwa bila kubadili kufuli ya lango. Google iliacha kupokea neno la siri la kawaida kwa namna ya zamani tarehe 30 Mei 2022. Microsoft ilianza kuizima namna hiyo katika barua za mashirika Oktoba 2022, na katika za watu binafsi Septemba 2024. Programu kuukuu haijui kuomba kibali. Ikikataliwa husema tu kwamba neno si sahihi. Ndilo lililonipata mimi.

Ya tatu ni saa. Kompyuta ya kampuni huonyesha hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Betri ndogo iliyomo ndani ya kompyuta yako ikifa, tarehe hurudi miaka ya nyuma, na hati nzuri huonekana kana kwamba haijaanza kutumika.

Basi, ukikataliwa, usirudie neno mara nyingi. Tazama tarehe kwanza, kisha jaribu kompyuta nyingine yenye programu za sasa. Usitafute njia ya kulegeza kufuli, maana linalokulinda wewe ni hilo hilo.

Nanyi wazazi, kumbukeni kwamba mara nyingi kampuni hupeleka namba ya kuthibitisha kwa simu, nasi bwenini hatuna simu. Google hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya kutumika mara moja. Mtoto na aziandike kwenye karatasi kabla ya shule kufunguliwa, azitunze vizuri.

Barua yangu niliikuta, nikaijibu zikiwa zimebaki siku mbili. Mwenzangu nilimwomba radhi mbele ya wale wale waliosikia nikimtuhumu, naye akanisamehe. Neno langu la siri pia nimelibadilisha, na siku hizi siliandiki mtu akitazama.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne