Kizunguzungu na Kuzirai Mara kwa Mara: Namna ya Kutafuta Chanzo

Kizunguzungu si ugonjwa, ni dalili. Huweza kusababishwa na jambo dogo, kama vile kutokunywa maji ya kutosha, au jambo zito, kama vile hitilafu ya mapigo ya moyo. Hata hivyo, wengi huanza kwa kununua dawa: leo vidonge vya malaria, kesho vya kuongeza damu, kesho kutwa vya kutuliza kizunguzungu. Fedha huisha na chanzo hubaki palepale. Njia iliyo salama na nafuu zaidi ni kuanza na maelezo kamili, kufuatia vipimo vya msingi, na ndipo vipimo vikubwa vikihitajika.

Eleza unachokihisi

Neno "kizunguzungu" hubeba maana nyingi. Mmoja huona nyumba ikizunguka. Mwingine huona giza machoni na kukaribia kuanguka. Mzunguko unaotokea ugeukapo kitandani na kuisha kabla ya dakika moja mara nyingi hutokana na sikio la ndani, na mtaalamu huweza kuutibu kwa kugeuza kichwa chako kwa utaratibu maalumu, pasipo dawa. Giza la machoni uinukapo ghafla huashiria kushuka kwa shinikizo la damu. Kuzirai baada ya kusimama muda mrefu kwenye joto, au baada ya kuona damu, kukitanguliwa na jasho na kichefuchefu, kwa kawaida hakutokani na ugonjwa wa moyo, ingawa kuanguka kwenyewe huweza kukuumiza.

Kwa hiyo, andika katika daftari saa ya tukio, ulichokuwa ukifanya, mara ya mwisho ulipokula, na hali hiyo ilidumu kwa muda gani. Ukiweza, fuatana na mtu aliyekuona ukizirai. Yeye ndiye anayejua kama ulitikisika na ulichukua muda gani kuzinduka. Aliyezirai kwa kawaida hurejewa na fahamu upesi. Aliyepatwa na kifafa huweza kuchanganyikiwa kwa muda mrefu zaidi.

Beba dawa zako zote

Dawa za presha, za kukojosha, za tezi dume, za sonona na za kisukari huweza kuleta kizunguzungu, hasa kwa wazee na kwa watumiao dawa kadhaa kwa pamoja. Zipeleke zote kwa daktari, pamoja na zile ulizonunua dukani na za mitishamba. Usiache dawa uliyoandikiwa kabla ya kushauriwa.

Vipimo vya kuanzia

1. Shinikizo la damu, ukiwa umelala kwa dakika 5, kisha ndani ya dakika 3 baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, dokezo muhimu limepatikana. Kupimwa ukiwa umekaa tu hakutoshi.

2. Sukari ya damu, hasa kwa mtumiaji wa dawa za kisukari. Kwake yeye, kiwango kilicho chini ya milimoli 3.9 kwa lita ni cha chini.

3. Wingi wa damu. Damu ikiwa pungufu, usiridhike na vidonge pekee. Uliza inapotelea wapi. Huenda ni hedhi nzito, minyoo au vidonda vya tumbo.

4. Kipimo cha umeme wa moyo, kiitwacho ECG. Hakiumi na huchukua dakika chache. Kwa kuwa hitilafu nyingine za mapigo huja na kuondoka, daktari aweza kukupa kifaa cha kuvaa kwa saa 24 au zaidi.

5. Kipimo cha ujauzito, kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa.

Picha ya CT-Scan ya kichwa ni ghali, na kwa mtu aliyezirai tu, asiye na dalili za kiharusi wala jeraha la kichwani, ni nadra kuonyesha chanzo. Unayo haki ya kuuliza: "Kipimo hiki kinatafuta nini, na majibu yake yatabadilisha nini katika matibabu yangu?" Omba pia nakala ya kila jibu na uihifadhi, usije ukalipia kipimo kilekile mara mbili.

Usisubiri

Nenda hospitali mara moja ikiwa umezirai ukiwa katika kazi nzito, mazoezi au ukiwa umelala. Ikiwa una maumivu ya kifua, moyo kwenda mbio au shida ya kupumua. Ikiwa uso umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa. Ikiwa unapata choo cheusi au unatokwa na damu. Ikiwa ni mjamzito. Au ikiwa katika ukoo wenu kuna aliyefariki ghafla akiwa kijana.

Aliyezirai alazwe chali na kuinuliwa miguu, wala asinyweshwe kitu kabla ya kuzinduka. Asipozinduka upesi, alazwe kwa ubavu na kukimbizwa hospitali. Asipopumua, aanze kukandamizwa kifua papo hapo huku msaada ukiitwa.

Mpaka chanzo kijulikane, usiendeshe gari wala pikipiki, usipande juu ya paa au mti, na usiogelee peke yako.